Jibu la Mtu Mwingine

Daktari mwenye kituo alinipigia simu nikiwa nyumbani Iringa, naanika nguo. Alisema mfumo wao wa majibu ya maabara una visanduku vinavyosumbua, na fundi aliyewatengenezea amehamia nje ya nchi, hapokei tena simu.

"Vinasumbuaje?" nikamuuliza.

"Havikai mahali pake. Wewe njoo tu uone mwenyewe, dada."

Hakuniambia kwamba kuna muuguzi amesimamishwa kazi kwa ajili ya visanduku hivyo. Wala hakuniambia kwamba kuna mwanamke mjamzito aliyeachwa na mumewe. Nilipanda basi la asubuhi kwenda Mbeya nikidhani naenda kunyoosha mapambo ya kurasa za mtandao, kazi ambayo nimeifanya miaka mingi na ambayo hata mama yangu mzazi hajawahi kuielewa. Yeye huwaambia majirani kwamba mimi ni fundi wa kompyuta, nao huniletea redio na pasi zilizokufa.

Kituo chenyewe kiko upande wa Uyole, jengo la ghorofa moja lenye kuta za rangi ya maziwa na baridi ya kutosha. Wagonjwa wengi ni wakulima wa milimani, watu wa viazi na mahindi, wanashuka wamejifunga mablanketi na vitenge viwili viwili. Siku niliyofika palikuwa na ukungu, na kwenye benchi la varandani aliketi mama mmoja wa makamo, kavaa sweta na gauni la kawaida, mkoba kauweka mapajani. Nilimwamkia nikidhani ni mgonjwa. Akaitikia, kisha akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuja kutazama kompyuta ya chumba cha wajawazito. Nilipokubali, aliniangalia tangu viatuni mpaka usoni.

Daktari alinipa maelezo ofisini kwake. Kituo kilikuwa kimeacha karatasi. Maabara ikipima, jibu linaingizwa kwenye mfumo, na wauguzi wanalisoma kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kila mmoja chumbani kwake. Ukurasa wa majibu ulikuwa orodha ya mistari: jina la mgonjwa, kipimo, kisha alama ya duara, jekundu kama kuna ugonjwa na kijani kama hakuna. Ukiweka kishale cha kipanya juu ya alama, kinachomoza kisanduku kidogo chenye maelezo kwa maneno. Ukikiondoa kishale, kisanduku kinapotea. Visanduku hivyo vilitokana na plagini, kipande cha programu ambacho watu hukichukua bure mtandaoni na kukichomeka kwenye kurasa zao. Ndivyo tunavyofanya wote. Hakuna anayefuma kila kitu kwa mkono wake.

"Kuna malalamiko," daktari akasema. "Muuguzi mmoja alimsomea mama mjamzito kwamba ana kaswende. Maabara inasema hana, na mfumo mpaka leo unasema hana. Muuguzi anasema alisoma kwenye kisanduku. Sasa mimi nimevifungua humu mara nyingi, naona viko sawa. Vinacheza kidogo tu, vinakaa kulia badala ya kushoto. Hebu vitazame, uniandikie kwamba umevitazama."

Nikaelewa kwamba yule mama wa benchini ndiye muuguzi mwenyewe, na kwamba nimeitwa kuja kuandika kuwa ni mwongo.

Habari nzima nilisimuliwa na muuguzi mwenyewe mchana, tukinywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha jirani. Alikuwa ameambiwa aripoti kila siku mpaka uamuzi utakapotoka, lakini asivae sare na asiguse mgonjwa, hivyo alikuwa akikaa varandani tangu asubuhi mpaka jioni mbele ya wagonjwa aliowahi kuwazalisha. Miezi michache nyuma, mke na mume vijana walikuja kliniki pamoja, kama inavyotakiwa kwenye mimba. Walipimwa wote wawili. Alimsomea mume: hana. Alimsomea mke: anayo, atibiwe leo. Mke akachomwa sindano pale pale. Mume alisubiri mpaka walipofika nyumbani.

"Alimwuliza ameitoa wapi," muuguzi akaniambia. "Yule binti akalia, akaapa kwa Mungu. Wakaenda kupima hospitali nyingine, wakaambiwa hana. Unajua mume alisemaje? Alisema bila shaka hana, si ameshachomwa sindano? Kwa hiyo kila kipimo kilichokuja baadaye kikawa ushahidi dhidi yake."

Mume alifunga begi akaenda Chunya kwenye dhahabu. Mke akarudi kwa mama yake Igawa. Na ni mama huyo aliyefunga safari kuja kituoni kupiga kelele mapokezi, akisema binti yake amerudishwa nyumbani na mimba kwa aibu isiyo yake. Ndipo daktari alipofungua mfumo, akakuta jibu la yule binti ni safi, akamwita muuguzi.

"Mwanangu," aliniambia, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, "mimi nimesoma majibu tangu wewe uko shule ya msingi. Sijawahi kusoma kitu ambacho hakipo. Siku ile kilikuwepo."

Kompyuta ya chumba cha wajawazito ilikuwa ya msaada, nzito, imekuja na kivinjari chake cha zamani ambacho hakikubali kuboreshwa. Nilipofungua ukurasa wa majibu nilishtuka. Yale maduara mekundu na ya kijani hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na miraba mitupu, yote sawasawa, kwa sababu kivinjari kile hakikujua kuchora alama za namna ile. Kwa hiyo kwa miezi yote muuguzi katika chumba kile hakuwa na kitu kingine cha kusoma isipokuwa kisanduku. Na kisanduku chenyewe hakikuwa na kale kapembe kanakoonyesha kinatoka wapi, wala kivuli, wala kona za mviringo. Kilikuwa kipande bapa cheupe kilicholala juu ya orodha kana kwamba ni sehemu yake.

Hata hivyo, kila nilipoweka kishale, maelezo yalikuwa sahihi. Nilijaribu asubuhi nzima ya siku ya pili. Nilivuta ukurasa juu, nikaushusha, nikaupanua, nikaupunguza. Maelezo yalikuwa yale yale, ya mtu yule yule. Nilianza kuingiwa na hofu kwamba daktari ana haki, na kwamba nitaandika barua ya kummaliza mama wa watu.

Nikatoka varandani.

"Mama, njoo uniketie hapa ufanye kama ulivyofanya siku ile. Usifanye haraka. Fanya kila kitu."

Akasita, akatazama mlango wa ofisi ya daktari, kisha akaingia. Alivaa miwani. Akaweka kishale kwenye mraba, kisanduku kikatoka. Kisha akakigeuza kiti chake, akaiweka mikono mapajani, akamtazama mgonjwa ambaye hakuwepo.

"Hapa huwa nawauliza hali," akasema. "Huwezi kumsomea mtu jibu kama unasoma bei ya sukari. Nawauliza wamekulaje, wamelalaje. Halafu ndiyo narudi kwenye kompyuta."

Alipokuwa akisema hayo, maabara ilituma majibu mapya. Yaliingia juu ya orodha, na mistari yote ikashuka. Kisanduku hakikushuka. Kilibaki pale pale kilipokuwa, maneno yake ni ya mtu wa mwanzo, ila sasa kimelala kando ya jina la mtu mwingine, na mwenye jina hilo akiitwa ndiye atakayesomewa.

Nilisogea mpaka paji la uso likakaribia kioo. Katika vivinjari vipya, orodha ikijichora upya, plagini inapata taarifa na kukifunga kisanduku. Kivinjari hiki kikongwe hakikuwa kinatoa taarifa hiyo kabisa. Mstari wa zamani ulikuwa umeondolewa, na kisanduku chake kimebaki yatima juu ya ukurasa, kikisubiri kishale kiondoke mahali ambapo hapapo tena.

Nikaenda maabara, nikawaomba wanitumie majibu mawili ya kubuni, majina ya uongo, mmoja anayo kaswende na mwingine hana. Tukarudia. Safari hii kisanduku kilichosema "Maambukizi yapo, tibu leo" kilisimama wima kando ya jina la asiye na ugonjwa.

Muuguzi alivua miwani. Hakufurahi, kama nilivyotegemea. 

"Basi nilimsomea kweli," akasema. "Nilimsomea kweli jibu lisilo lake."

Nilimwita daktari. Tulimwonyesha mara ya kwanza, akasema kwenye mashine yake haifanyi hivyo. Nikamwambia yake ni mpya. Tukamwonyesha tena. Akasema tufunge mlango.

"Nilisema kwenye kikao," muuguzi akamwambia, sauti yake iko chini kabisa. "Nilisema mashine ya kwetu inaonyesha miraba mitupu. Mkaniambia nizoee mambo ya kisasa."

"Nakumbuka, mama."

"Nilikaa kwenye benchi lile, dokta."

"Nakumbuka. Kesho vaa sare, rudi kazini. Na nakuomba radhi." Akanigeukia. "Wewe rekebisha. Halafu hili liishie humu ndani."

"Na yule binti?" muuguzi akauliza.

"Tutatafuta namna."

"Namna gani?"

Alikwenda kuufungua mlango. Sitaki kumchora kama mtu mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Nilimwona mwenyewe akitoka mvua ikinyesha kwenda kumfuata mgonjwa aliyekwama barabarani. Lakini alikuwa anaogopa. Aliniambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba habari ikitoka kituo kitafungwa, na watu wa huko mlimani watarudi kuzaa majumbani. Nilimsikia, na jambo alilolisema lilikuwa kweli.

Nilirekebisha. Hilo halikuweza kusubiri mabishano yetu, maana wajawazito walikuwa wamejaa kwenye foleni nje. Nilianza kwa kuifundisha plagini kufunga kila kisanduku kabla orodha haijaguswa. Nikaweka jina la mwenyewe ndani ya kila kisanduku, pamoja na maelezo yake, ili hata kikibaki, kiseme ni cha nani. Ikafanya kazi. Halafu nilikaa nikaitazama, na moyo haukutulia. Nikaviondoa visanduku vyote. Nikaandika jibu kwa maneno ndani ya mstari wenyewe, kando ya jina, kwa wino mweusi: hana maambukizi, ana maambukizi. Kivinjari chochote duniani kinaweza kuandika maneno meusi. Ukurasa ukawa mbaya kutazama, kama tangazo la kijiji.

Siku niliyokuwa narudi Iringa, muuguzi alinikuta stendi. Hakuwa na sare. Alikuwa ameomba ruhusa.

"Basi lako linapita Igawa," akasema. "Mimi nashuka pale. Siwezi kumwambia peke yangu. Mimi nitaeleza nilichosoma, lakini hicho kidude sitaweza kukieleza."

Tulishuka Igawa jua likiwa limewaka. Ukitoka kwenye baridi ya Uyole, joto la pale linakupiga usoni. Tulimpata binti bila taabu, kwa sababu mama yake anauza mchele kando ya barabara na kila mtu anamfahamu. Binti alikuwa amekaa nyuma ya mafungu ya vitunguu, tumbo limeshakuwa kubwa. Alipomwona muuguzi alisimama, na mama yake naye akasimama, akakamata kipimio cha mchele kama mtu anayetaka kukirusha.

"Kamwene," muuguzi akawaamkia kwa salamu ya huko.

Mama hakukishusha kipimio.

Muuguzi alisema pale pale, amesimama juani, mabasi yanapita. Alisema jibu alilomsomea halikuwa lake, kwamba hakuwahi kuwa na ugonjwa ule, na kwamba amekuja kumwomba msamaha. Mimi nikaeleza habari ya kompyuta kwa maneno machache niliyoweza. Nilieleza vibaya. Nilijisikia nikisema "orodha" na "kisanduku" mbele ya mwanamke aliyelala peke yake miezi yote ile, na maneno yakawa mepesi kama makapi.

Binti alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mnaniambia nini?" akasema. "Mimi nilijua. Tangu siku ile nilijua. Mwambieni yeye."

Akatoa simu kwenye kitenge, akapiga, akaiweka sauti ya nje juu ya gunia la mchele. Iliita sana. Mwanaume alipopokea, nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya karasha, zile mashine za kupondea mawe ya dhahabu.

"Unasemaje?" akauliza.

"Sisemi mimi. Kuna watu hapa."

Muuguzi akainama kwenye gunia. "Baba, mimi ni yule sista wa kliniki. Siku ile nilimsomea mkeo jibu la mtu mwingine. Yeye hakuwa na kitu. Kosa ni la kwetu, la mashine na la kwetu."

Ngurumo ikaendelea.  Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetafuta mtego:

"Kama halikuwa lake, lilikuwa la nani?"

Muuguzi alinyanyua uso akanitazama. Sitasahau ule uso. Siku zote zile kituoni tulikuwa tukimtetea yeye, tukimwogopa daktari, tukimhurumia huyu binti. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali hilo. Kisanduku kilichobaki kilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mwanamke mwingine siku ile, mwenye kaswende kweli na mimba kweli, na kama huyu alisomewa jibu la yule, yule alisomewa la nani?

"Nitakupigia, baba," muuguzi akasema. Akanishika mkono. "Turudi Mbeya."

Sikupanda basi la Iringa. Tulirudi. Njiani muuguzi alikuwa akijaribu kukumbuka sura za siku ile, akakumbuka kitenge cha mmoja, kikohozi cha mwingine, lakini majibu aliyowasomea yamechanganyika. Tuliingia ofisini kwa daktari bila kubisha hodi. Sasa hakuna aliyezungumza habari ya kufungwa kwa kituo. Alifungua kumbukumbu za maabara za siku ile, akakuta jina. Akafungua za matibabu. Hapakuwa na sindano. Mwanamke yule alikuwa ameambiwa hana tatizo, akaenda zake mlimani.

Daktari alipiga simu mwenyewe. Simu haikupatikana. Akachukua funguo za gari, akamwambia muuguzi avae sare. Walirudi jioni naye, mwanamke mwembamba mwenye haya, pamoja na mumewe aliyekuwa amebeba jembe kana kwamba hakukumbuka kuliweka chini. Walitibiwa wote wawili. Mimba ilikuwa kubwa, lakini daktari alisema bado kuna nafasi. Baada ya hapo aliwaita kina mama wote wa chumba kile waliopimwa tangu mfumo uanze, wapimwe upya, na aliwaambia sababu. Wengine walitukana, wengine hawakurudi tena. Kituo hakikufungwa, ingawa wakaguzi walikuja na kwa muda mrefu kilipungukiwa watu.

Mtoto wa yule mwanamke wa mlimani alizaliwa akiwa mdogo sana. Walimfuatilia kwa wiki nyingi. Muuguzi hunitumia ujumbe, na wa mwisho ulisema mtoto ameanza kutambaa, anakula viazi. Sikuthubutu kuuliza zaidi ya hapo.

Mume wa Chunya alikuja Igawa baada ya mkewe kujifungua. Muuguzi alikuwepo siku hiyo, alikuwa amempelekea mtoto nguo, ndiye aliyenisimulia. Alisema mwanaume alikaa kwenye mkeka, kaleta kanga na kuku, akasema yaishe. Mke akamtengea wali, akasubiri mpaka ameshiba, akampa mtoto ambebe kidogo. Kisha akamwambia:

"Mtoto ni wako, njoo umwone utakapo. Mimi nilikuapia kwa Mungu ukanicheka. Kompyuta ndiyo umeiamini, mara mbili."

Sasa binti yule anaishi kwa kaka yake Madibira, analima mpunga. Muuguzi amerudi kwenye chumba kile kile, na mashine imebadilishwa. Lakini kabla ya kumsomea mtu yeyote jibu, anapiga simu maabara akawauliza kwa mdomo. Wagonjwa wanalalamika kwamba foleni yake haiendi.